Rivyu ya ile kozi ya Jumamosi ya takwimu za watu, hapa tao

Naanza na nyota manake najua wengi mnasoma hapo tu halafu mnaenda zenu: nne kati ya tano. Moja nimetoa juu ya projekta na ile siku ya Excel, nitafika huko. Bei ni elfu sita mia tano kozi nzima, unalipa na M-Pesa, nusu mwanzo nusu katikati, na mwishoni kuna cheti chenye unaongeza mia tano ndio uprintiwe, hiyo mia tano haiko kwa bango. Jina la chuo siweki hapa, mwenye anataka aniulize inboksi. Ni moja ya hivyo vyuo vya ghorofani upande wa chini wa tao, unapanda ngazi ukipita duka za simu, kinyozi na fundi wa suti, lifti iko lakini mi sijawai iona ikisonga.

Darasa letu lilikuwa mchanganyiko kabisa. Kulikuwa na nesi wa wodi ya uzazi, vijana wa NGO wenye walitumwa na bosi wao, mzee mmoja aliyestaafu kufundisha jografia, na jamaa wa kuuza ploti za Joska mwenye alikuja akitaka kujua watu watajaa wapi miaka kumi ijayo, huyo nilimheshimu, hakuna siku alichelewa. Mimi kazi yangu ni ya mtandao, nasafisha data za kampuni za Marekani, na karibu kila fomu inakuja na kisanduku cha Hispanic au Latino, ndio au la, kando na kile cha rangi. Nakijaza kila wiki lakini nani anahesabiwa humo, na mbona hiyo namba inapanda hivyo, hakuna mtu ashawai niambia.

Sasa kitu chenye kinafanya hii kozi isiwe kama zile zingine za cheti-chap-chap ni kwamba mwalimu anachukua mfano mmoja tu na anakaa nao hadi mwisho. Mfano wenyewe ndio hao wa kile kisanduku, Walatino wa Marekani, yaani watu wa huko wenye asili ya nchi zinazoongea Kihispania. Siku ya kwanza mzee wa jografia akainua mkono akauliza kwa heshima zake zote, "Mwalimu, sisi tuko Nairobi, hawa watu wanatuhusu nini?" Mwalimu hata hakugeuka kutoka kwa ubao. "Mzee wangu, nikichukua makabila yetu, kabla nimalize slaidi ya kwanza mtakuwa mshahama viti mkae na wenu." Darasa lilicheka hadi jamaa wa ofisi ya pili akaja kuchungulia, lakini si ni ukweli? Hapa kwetu ukitaja namba za kabila watu hawasikii hesabu, wanasikia kura na kaunti itapata ngapi. Sensa ya 2019 ilitupa watu milioni 47.6 na hadi wa leo ukienda kwa kibanda cha chai kuna mtu atakuambia watu wake walipunguzwa na wa jirani wakaongezwa. Ukipewa watu wenye hamgombanii shamba wala kiti cha mbunge, akili inatulia, unafuata hesabu kama hesabu.

Sababu yake ya pili ilikuwa ya kikazi zaidi. Hicho kikundi data yake iko kwa vipande, waliozaliwa kando, waliokufa kando, walioingia kando, Census Bureau, ile ofisi ya sensa ya Marekani, wanatoa makadirio kila mwaka na ni bure, na Pew Research Center, shirika la utafiti la Washington, wamewafuatilia miaka mingi. Kwa hivyo mkibishana darasani kuna mahali pa kwenda kuangalia.

Fomula yenyewe akaiandika kwa mstari mmoja: waliokuwako, ongeza waliozaliwa, toa waliokufa, ongeza walioingia, toa waliotoka. Akasema demografia ni hiyo, zingine zote ni mapambo. Halafu akagawa fotokopi (hafifu, wino ulikuwa unaisha) yenye namba za sensa: 1980 walikuwa milioni 14.6, 1990 milioni 22.4, 2000 milioni 35.3, 2010 milioni 50.5, 2020 milioni 62.1. Inaanza 1980 kwa sababu hiyo ndio sensa ya kwanza kila nyumba iliulizwa hilo swali, baada ya Bunge lao kupitisha sheria ya 1976 ya kutaka hao watu wahesabiwe vizuri, ile ya 1970 ilikuwa imeuliza sampuli tu. Ukiangalia hiyo orodha haraka unaona kitu kinapanda tu basi. Mwalimu akasema toeni tofauti. Nesi akatoa simu, akapiga hesabu akizisoma kwa sauti: saba nukta nane, kumi na mbili nukta tisa, kumi na tano nukta mbili, kumi na moja nukta sita. Kimya kidogo. Hiyo ya mwisho imeshuka. Na ukiweka kwa asilimia ndio unaona zaidi, miaka ya tisini waliongezeka asilimia 58, kumi iliyofuata 43, halafu 23.

"Kwa hivyo wanapungua," kijana mmoja wa NGO akasema. "Nani amepungua hapo? Spidi ndio imepungua," mwalimu akamjibu, halafu akaweka ile namba ya Marekani nzima kando, kwamba 2010 hadi 2020 nchi yote iliongezeka asilimia 7.4 pekee, na zaidi ya nusu ya watu wote walioongezeka walikuwa Walatino. Hiyo tofauti ya kupanda na kuongeza spidi naona magazeti yetu na yao yote yanaichanganya, na kama ungetoka kozi na hiyo peke yake ungekuwa umepata kitu.

Kipindi chenye kilinifurahisha zaidi ni kile aligawanya darasa pande mbili, upande wa mpaka (wanaohamia) na upande wa wodi (wanaozaliwa), kila upande utetee ni nini kinaongeza Walatino. Mimi nilitupwa mpaka pamoja na jamaa wa ploti, nesi kwa kawaida yake akaongoza wodi. Tulipewa karatasi za kusoma dakika kumi.

Sisi wa mpaka tulikuwa na mzigo mzuri tu. Kuna ule mpango wa Bracero wa kuanzia 1942 hadi 1964 wenye Marekani ilikuwa inaleta Wameksiko kwa kandarasi kuvuna mashamba, ukafungwa, lakini barabara ilikuwa ishajulikana, watu walijua boma gani linaajiri na binamu gani atakuweka kwa nyumba. Kuna sheria ya uhamiaji ya 1965. Kuna ile ya 1986 yenye iliwapa karibu watu milioni 2.7 makaratasi, wengi wao Wameksiko, na mtu akipata makaratasi anaanza kuitisha familia. Kufikia mwaka 2000 Walatino 40 kati ya kila 100 walikuwa wamezaliwa nje ya Marekani. Jamaa wa ploti alizisoma hizo zote kama mtu anauza kona ya barabara ya lami, tukajiona tushashinda.

Nesi akasimama. Akasoma moja tu kwanza: Wameksiko wa Marekani, kati ya 2000 na 2010, waliozaliwa ni milioni 7.2, wahamiaji wapya ni milioni 4.2. Miongo miwili kabla ya hapo wahamiaji walikuwa wanatoshana na watoto ama kuwazidi, saa hii watoto wamewapita. Halafu akaweka ya pili, kwamba kati ya 2005 na 2010 kama watu milioni 1.4 walitoka Meksiko wakaingia Marekani, na milioni 1.4 hao hao kwa idadi wakatoka Marekani wakarudi Meksiko, na watoto wao wengine wamezaliwa huko huko Marekani. Sifuri. Ule mpaka wote wa kelele kwa runinga, ukitoa waliotoka kwa walioingia unabaki na sifuri. Ya tatu ndio ilitumaliza, Walatino wote sasa si Wameksiko peke yao, 2010 hadi 2019, watoto milioni 9.3 waliozaliwa, wahamiaji milioni 3.5. "Mwalimu, hawa watu wanatoka leba, hawatoki jangwani," akasema, akakaa.

Mimi nilitaka kujua mbona mpaka ulikauka hivyo na hapa mwalimu alitoa muda wa kutosha. Kwanza ule mdororo wa 2008, nyumba ziliacha kujengwa na mjengo ndio ulikuwa unaajiri wengi. Pili ukamataji na kurudishwa kwa watu uliongezeka. Tatu, na hii watu hawaifikiriangi, Meksiko yenyewe iliacha kuzaa vile ilikuwa inazaa, miaka ya sitini mwanamke wa Meksiko alikuwa na karibu watoto saba kwa wastani, kufikia huu muongo uliopita ni kama wawili. Ukihesabu miaka ishirini mbele kutoka siku uzazi ulianza kushuka, unapata kijiji chenye hakina tena vijana sita kwa boma wenye wanatafuta nauli. Mzee wa jografia akaongezea kwamba Kenya nayo ilikuwa karibu watoto wanane mwishoni mwa sabini na sasa ni 3.4 kwa ule utafiti wa afya wa 2022, alizikumbuka bila kuangalia popote, mwalimu wa kweli huyo.

Halafu mwalimu akaturudisha pande zote mbili akatuambia hakuna mwenye ameshinda juu swali lenyewe ameliuliza vibaya makusudi. Anayehama si mtoto na si mzee, ni mtu wa miaka ishirini na kitu. Aliyevuka 1994 akiwa na 22 anapata watoto 1998, 2001, 2004, na hao wanaandikwa upande wa wodi wakati asili yao ni mpaka. Akaweka piramidi ya umri, ule mchoro wa kuonyesha watu ni wangapi kwa kila umri, kwa projekta, hiyo dakika ilikubali kuwaka, na ile namba yenye nimeambia kila mtu tangu hapo: mwaka 2018, umri wenye ulikuwa na Walatino wengi kuliko mwingine wowote Marekani ulikuwa miaka 11. Kwa wazungu ulikuwa 58. Darasa la sita kwa upande mmoja, mtu anangoja pensheni kwa upande mwingine, nchi moja. Ukishaona hiyo hutashangaa tena kwa nini kikundi kinaongezeka hata mpaka ukifungwa na kufuli, hao wa miaka 11 walikuwa bado hawajaanza kuzaa.

Nesi hakuridhika, akauliza kama hao wamama bado wanazaa vile mama zao walizaa. Hapana. Uzazi wa Walatina ulikuwa karibu watoto watatu kwa mwanamke hapo 2006, 2007, na kufikia 2020 ulikuwa chini ya wawili, umeshuka kwa kasi kuliko wa makundi mengi mengine. Lakini watoto wanaendelea kuwa wengi kwa sababu wamama wenyewe ni wengi na ni vijana. Mwalimu akasema hata hapa ukienda hospitali ya uzazi ya Pumwani foleni haitaisha eti kwa sababu kila mama amepunguza mtoto mmoja, wamama wenyewe wameongezeka. Nesi akatikisa kichwa kwa njia ya mtu mwenye amepiga hiyo shifti.

Vifo vilipitiwa haraka sana kwa maoni yangu na hiyo ni lawama. Tuliambiwa Walatino kwa kawaida wanaishi miaka mingi kuliko wazungu wa Marekani ingawa kipato chao ni cha chini, jambo lenye limewasumbua wataalamu miaka na mikaka, halafu Covid ikaja ikawakata karibu miaka minne ya matarajio ya maisha kati ya 2019 na 2021 manake wengi walikuwa kwa kazi zenye huwezi fanyia nyumbani, viwanda vya nyama, mashamba, jikoni. Hapo nilitaka tukae, tukahamishwa.

Kwenye alinishika kabisa ni kipindi cha mwisho mwisho, alileta karatasi mbili za Census Bureau. Ya kwanza ilitoka Juni 2024: kati ya 2022 na 2023 Walatino waliongezeka milioni 1.16, wakafika zaidi kidogo ya milioni 65, hiyo ni karibu asilimia 71 ya ongezeko lote la nchi, na injini kubwa ni watoto. Nesi akapiga meza. Ya pili ni ya mwaka mmoja baadaye, Juni 2025: kati ya 2023 na 2024 wameongezeka asilimia 2.9, wako karibu milioni 68, na injini saa hii ni uhamiaji. Mwaka mmoja tu! Upande wa mpaka tukaamka. Nini kimetokea? Mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni la ukweli, Wavenezuela, Wakuba na watu wa Amerika ya Kati waliingia wengi baada ya 2021, Venezuela pekee zaidi ya watu milioni saba wametoka nchini kwao tangu kama 2014. La pili ni la karatasi, Bureau walibadilisha njia ya kukadiria wahamiaji ndio wawashike wale waliokubaliwa kwa misingi ya kibinadamu wenye njia ya zamani ilikuwa inawakosa, na walipobadilisha wakarekebisha na miaka ya nyuma, kwa hivyo hiyo milioni 65 ya 2023 yenyewe ikawa 66. Jamaa wa ploti akauliza, "Kwa hivyo hao milioni moja walikuwa wapi?" Mwalimu akamwambia walikuwa kwao wakila, ni daftari lilikuwa halijawaandika.

Hapo ndipo mi naona thamani ya hii kozi iko. Wengi tunataka jibu moja, ni mpaka ama ni wodi, na kila mwanasiasa wa huko analo lake tayari. Jibu linategemea umechukua miaka gani na daftari gani, na mwenye amekupa jibu bila kukuambia hayo mawili anakuuzia kitu.

Kipindi cha nani anahesabiwa kilikuwa kifupi lakini kitamu. Kisanduku ni cha kujisemea, ukisema wewe ni Mlatino wewe ni Mlatino, hakuna chifu wa kukuthibitisha. Isipokuwa Wabrazili, hao kirasmi hawamo, wakijiandika wanatolewa wakati wa kusafisha data. Sasa utafiti wa 2020 wa Bureau ukakuwa na hitilafu ya usafishaji, Wabrazili wasiopungua 416,000 wakabaki ndani, zaidi ya theluthi mbili yao, wakati mwaka mmoja kabla walikuwa kama 14,000. Yaani kikundi kinakua juu ya laini moja ya programu. Mimi kama mtu wa kusafisha data nilihisi baridi mgongoni.

Na kuna Puerto Rico, kisiwa cha Karibi chenye kiko chini ya Marekani. Watu wake ni raia wa Marekani tangu 1917 lakini wakiwa kisiwani hawamo kwa ile milioni 62.1, sensa inawaandika kando. Akipanda ndege akashuka Orlando, kule Florida, tayari ameongeza Walatino wa Marekani, bila mpaka, bila viza, sawa na mtu wa Busia akishuka Machakos Country Bus. Kisiwa chenyewe kilipoteza karibu asilimia 12 ya watu kati ya 2010 na 2020, uchumi ulikuwa mbaya kitambo halafu kimbunga Maria kikapiga Septemba 2017, na waliobaki wanazaa kidogo sana. Kijana wa NGO alibisha hadi muda ukaisha kwamba hiyo si uhamiaji. Mwalimu alimwacha abishe.

Lakini kile kilizua mjadala wa kweli ni wajukuu. Pew walipouliza watu wazima wenye asili ya Kilatino kama bado wanajiita hivyo, waliohamia wenyewe 97 kwa 100 walisema ndio, watoto wao 92, wajukuu 77, na kizazi cha nne na kuendelea ni nusu tu. Wameolewa na wengine, Kihispania kimepotea, jina limebaki ama hata halijabaki. Kwa hivyo mtu anaweza kutoka kwa hesabu bila kufa na bila kuhama, na ile fomula ya siku ya kwanza haina mahali pa kumweka. Dada mmoja wa NGO mwenye alikuwa kimya wiki zote akasema yeye amezaliwa Pumwani, amesoma Buruburu, lugha ya ushago anaisikia tu haongei, na karani wa sensa alipokuja 2019 alijibiwa na babake kabla yeye afungue mdomo. "Sasa mimi niliandikwa kizazi cha ngapi?" Hakuna mwenye alikuwa na jibu na mwalimu kwa busara yake hakujaribu. Hapo hata zile kabila zetu alizikwepa mwanzo zikaingia darasani zenyewe, na hakuna mtu alihama kiti.

Ya mwisho kwa hiyo mada: sensa ya 2020 ilipokaguliwa na Bureau wenyewe walikubali walikosa karibu asilimia 5 ya Walatino, 2010 walikosa asilimia 1.5. Rudi sasa kwa ile tofauti ya 11.6 ujue sehemu ya ule mshuko ni watu wenye hawakubishiwa mlango ama hawakufungua.

Haya, malalamiko. Projekta. Rangi zote zinatoka za kijani kibichi, ramani ya majimbo yenye ilikuwa ituonyeshe California, kwenye Walatino walishapita wazungu kwa idadi 2014 hivi, na Texas kwenye walipita 2022, tuliona blanketi moja la kijani, ikabidi mwalimu aeleze kwa mikono. Stima ikipotea hakuna jenereta, na ikirudi hiyo mashine inachukua muda wake kama mzee ameamshwa. Chini kuna mhubiri mwenye spika na makanga wa Umoja wanajibizana naye, ukikaa upande wa barabara hutasikia kitu.

Siku ya Excel ilikuwa aibu. Watu wengi, laptopu chache, zingine kibodi haina herufi, na mwalimu wetu hakuwepo siku hiyo, walileta kijana mwingine mwenye alikuwa anabonyeza tu akisema "halafu mnafanya hivi" na hakuna mtu ameona. Kwa kozi yenye inauzwa kama ya kuchambua data hiyo siku ilifaa iwe mbili. Mimi nilikuwa najua pivoti tayari kwa hivyo sikuumia, lakini mzee wa jografia alitoka na daftari tupu na hakustahili hiyo. Tulilalamika kwa ofisi, wakasema wataangalia. Sijaona wameangalia.

Grupu ya WhatsApp iko, mwalimu anajibu hadi usiku, hiyo pongezi. Ila msimamizi wa chuo ameigeuza bango la kozi zao zingine na kila asubuhi ni dua na picha za maua, weka kimya.

Chai iko, ya maziwa, na mandazi mbili, imo kwa ada. Mandazi zinatoka kwa mama wa ngazi ya kwanza na ni moto, ukichelewa mapumziko jamaa wa ploti ameshapitia zako.

Kwa nani? Kama unafanya kazi na data za Marekani, nenda. Kama wewe ni mwanahabari na utaandika habari za uhamiaji ama za sensa yetu ijayo, nenda jana. Kama unataka kufundishwa Excel tafuta kwingine, kuna watu Moi Avenue wanafundisha mtu mmoja mmoja kwa bei ya chini. Walimu wa sekondari wa jografia nao naona wangenufaika sana na ile mbinu ya pande mbili, mzee wetu alisema angekuwa bado kazini angeipeleka kidato cha nne wiki hiyo hiyo.

Ukienda, uliza kwanza kama mwalimu ni yule wa kike ama wa kiume manake wako wawili, unayemtaka ni wa kiume, mwenye mvi na sweta ya kahawia. Lipa nusu tu siku ya kwanza hata wakikubembeleza, kaa safu ya nyuma mbali na dirisha la barabara, na ubebe kalamu nyeusi ya kukolezea zile fotokopi.